Damu Haikamuliwi

Ukifika mnadani huku kwetu, iwe Ngara iwe Biharamulo, ukasimama mbele ya mtamba kwa muda wa kutosha hadi mwenye mali aone una nia, hutaambiwa anakula nini. Hutaambiwa aliogeshwa lini mara ya mwisho. Utaambiwa ni mtoto wa nani. "Huyu mama yake alikuwa anatoa lita 18." "Huyu baba yake ni mbegu ya Arusha." "Huyu ni asilimia 75, wewe mwangalie tu." Na mnunuzi, ambaye pengine fedha aliyoishika ni ya mkopo wa kikundi, anaitikia kwa kichwa kana kwamba amesomewa hati ya nyumba.

Niseme mapema tusipotezeane muda. Ukoo wa ndama ni dau, si ahadi. Anayekuuzia ukoo kama ahadi anakuibia, hata kama kila alilosema kuhusu mama wa huyo ndama ni kweli tupu.

Najua ninamchokoza nani. Nimezaliwa kwenye nyumba ya wafugaji upande wa Rulenge, nikasomea mifugo, nikarudi. Babu yangu alikuwa akiweza kukutajia ng'ombe wake hadi nyanya wa nyanya, kila mmoja kwa jina lake, rangi yake na tabia yake mbaya. Wazee wa aina hiyo bado wapo, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale walioichukua lugha yao wakaiacha elimu yao.

Maana yule mzee alipokuambia "huyu ni wa uzao mzuri," alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na miaka 40 ya kukaa kilima kimoja na ng'ombe hao hao. Alimwona mama akikamuliwa mwaka wa mvua na mwaka wa jua. Alimwona akizaa, akaona siku ngapi zimepita ndipo akashika mimba tena. Aliona ni nani aliyelala kundi lilipopatwa na homa na nani aliyeamka. Ukoo kwake ulikuwa daftari lisilo na karatasi. Ng'ombe aliyesemwa vizuri leo angeumbuka kesho mbele ya majirani wote, kwa hiyo sifa ilikuwa inahakikiwa kila asubuhi kwenye chombo cha maziwa. Dalali wa leo anakutajia mama ambaye hujawahi kumwona, wa kijiji usichokijua, aliyefugwa na mtu asiye na jina. Maneno ni yale yale, lakini nyuma yake hakuna kitu.

Tuingie kwenye biolojia kidogo, haitauma.

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu. Kila mzazi anatoa moja kutoka kila jozi, na ipi itoke ni bahati, kama kurusha sarafu mara 30. Fanya hesabu: dume mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya bilioni moja, na hapo hatujagusa vile vipande vinavyobadilishana njiani kabla mbegu haijakamilika. Ndiyo maana ndama wawili wa mama mmoja na baba mmoja wanaweza kutofautiana kama watu wasiojuana. Hata ungewajua wazazi wote wawili kwa ukamilifu, kitu ambacho hakuna anayekijua, takriban nusu ya tofauti zile za kurithi bado imefichika ndani ya ndama mwenyewe, na karata hiyo haifunuliwi kwa kutazama mama.

Na hizo ni tofauti za kurithi tu. Chukua ng'ombe 100 wa kundi moja, uliza kwa nini huyu anatoa maziwa mengi kuliko yule. Karibu theluthi moja ya tofauti hiyo ndiyo inayotokana na kurithi. Inayobaki ni majani, maji, joto, kupe, umri, na mkono wa anayekamua. Ukihamia kwenye uzazi, yaani nani atashika mimba upesi na nani atakuzungusha mwaka mzima, sehemu ya kurithi inashuka chini ya moja ya kumi. Kwa mfugaji mdogo wa ng'ombe wawili, uzazi ndio unaoamua kama atakula au hatakula. Ndama asipozaliwa, maziwa hayapo, hata damu iwe ya dhahabu.

Sisemi ukoo ni bure. Theluthi moja si kitu kidogo. Ukiwa huna habari nyingine yoyote, wastani wa mama na baba ndio ubashiri bora unaoweza kuupata, na nchi zilizouchukua kwa makini zimevuna. Lakini angalia walivyouchukua. Dume hatoi maziwa, jambo ambalo ukilifikiria linachekesha: mnyama anayetajwa kwa sifa za maziwa duniani kote hajawahi kukamuliwa. Kwa hiyo, kwa miongo mingi, dume alihukumiwa kwa binti zake. Walisubiri binti wazaliwe, wakue, wazae, wakamuliwe kwenye mashamba mengi tofauti, kila lita ikaandikwa, ndipo wakasema huyu anafaa au hafai. Madume mengi ya koo za kifahari yaliangushwa na binti zao. Mwaka 2009 Wamarekani wakaanza rasmi kutumia vipimo vya vinasaba ili wasisubiri miaka yote hiyo, lakini vipimo vyenyewe vinasimama juu ya mamilioni ya kumbukumbu za binti waliokamuliwa. Bila daftari, kipimo hicho hakisemi lolote.

Na daftari hilo liliandikwa wapi? Kwenye mabanda ambako ng'ombe anapimiwa chakula kwa kilo. Halikuandikwa Nyakahura wala Kabanga, ambako mwezi wa nane unamkuta ng'ombe anatafuna migomba.

Watu wenye fedha kuliko sisi wameshalipia somo hili. Mwaka 1983, huko Kentucky, Marekani, farasi mchanga aitwaye Snaafi Dancer, mtoto wa dume mashuhuri Northern Dancer, aliuzwa kwa dola milioni 10.2. Hakukimbia hata shindano moja. Alikuwa mzito mazoezini, wakampeleka akazalishe, na huko nako akaacha watoto wanne tu. Mwaka 2006 mwingine, The Green Monkey, akauzwa kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu na hakushinda hata mara moja. Katikati ya hadithi hizo yupo Seattle Slew, aliyenunuliwa kwa dola 17,500, akaja kutwaa mataji matatu makubwa ya Marekani mwaka 1977. Wanunuzi wa wale wawili wa kwanza hawakuwa wajinga. Walikuwa na hati za ukoo, madaktari wa wanyama, na macho yaliyozoea farasi tangu utotoni. Ndama alikuwa na karata zake na hakuwaonyesha.

Wamarekani hao hao wana mchezo mwingine unaonivutia zaidi, unaitwa reining. Mpanda farasi analegeza hatamu, na farasi anatakiwa kukimbia, kuzunguka papo hapo kama pia, kisha kusimama ghafla akiteleza kwa miguu ya nyuma. Shindano kubwa la farasi wa miaka mitatu hufanyika Oklahoma City, kwa hiyo wafugaji wanahangaika kutabiri utii na wepesi wa mnyama akiwa bado mchanga, na wanatabiri kwa ukoo. Mmoja wa madume makubwa wa mchezo huo alikuwa Colonels Smoking Gun, waliyemwita Gunner. Gunner alikuwa kiziwi. Watoto wake walishinda mamilioni ya dola, na wengi wao walirithi uziwi pamoja na wepesi. Wapanda farasi wakalazimika kujifunza upya: amri ya kusimama hutolewa kwa sauti, sasa farasi hasikii, basi ikabidi wamfundishe kwa mguu na uzito wa mwili. Damu iliwapa walichotaka na wasichotaka kwenye mfuko mmoja, na mkono wa mwalimu ndio uliomalizia kazi.

Sisi hatuhitaji kwenda Oklahoma kuliona hilo. Vuka mto Kagera pale Rusumo, uende hadi Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya ikulu ya mfalme. Utawakuta inyambo, ndugu wa ng'ombe wetu wa Ankole, pembe zimepanda juu kama matao. Wanatembea kwa madaha, mchungaji akiimba wanatulia, wanageuza shingo kana kwamba wanapigwa picha. Mgeni anasema: damu ya kifalme hiyo. Uzao upo, ndiyo, walichaguliwa kwa vizazi. Lakini mbona hazungumzii yule mtu anayeimba? Inyambo huzoeshwa tangu ndama. Husafishwa, hupapaswa, huimbiwa kila siku hadi sauti ya mchungaji iwe sehemu ya mwili wao. Mchukue ndama huyo huyo umwachie porini Burigi miaka mitatu, kisha umwimbie. Atakukimbia.

Kuna jambo lingine ambalo wauza koo hawalisemi, na hili linanitisha. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume la Holstein lililoitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walifika 16,000, na wajukuu wa kike karibu nusu milioni. Damu yake imeenea katika Holstein wa dunia nzima, na kwa hesabu za maziwa peke yake alikuwa neema. Miongo ikapita ndipo wanasayansi wakagundua kwamba alibeba hitilafu moja ndogo kwenye kinasaba kiitwacho APAF1. Ndama aliyeirithi pande zote mbili hufia tumboni. Wakakadiria mimba nusu milioni zimeharibika duniani kwa sababu hiyo, hasara ya dola milioni 420. Hakuna aliyeiona, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama jina la baba. Wao kwa kuwa walikuwa wameandika nani kamzaa nani na mimba ipi imetoka, waliweza kurudi nyuma na kumkamata mhalifu. Sisi mtamba akitoa mimba Biharamulo tunasema amerogwa, au tunasema ni mbegu mbaya, tunamwita mhimilishaji tena, na kesi inafungwa.

Sasa nije kwenye hiyo "asilimia 75".

Hiyo namba inaeleza kitu kimoja tu: sehemu ya wahenga wa ng'ombe waliokuwa wa kigeni. Uzao wa kwanza kati ya Ankole na Friesian ni 50. Umpandishe huyo kwa Friesian tena, unapata 75. Rudia, 87.5. Haisemi lita. Haisemi kama atahimili kupe. Kinachojulikana kwa muda mrefu kuhusu mazingira ya joto na lishe haba ni kwamba chotara wa kwanza, yule wa nusu kwa nusu, mara nyingi ndiye anayefanya vizuri kuliko wote, kwa sababu ya ile nguvu ya mchanganyiko. Ukipanda juu zaidi bila kuongeza chakula na kinga, unaongeza njaa na magonjwa tu. Kwenye mnada wetu lakini namba kubwa ndiyo bei kubwa. Tumeigeuza asilimia kuwa alama ya mtihani.

Shangazi yangu alinunua mtamba wa 75. Alikuwa mjane, alikopa, na muuzaji alikuwa mtu wa heshima aliyemwamkia vizuri na kumwita mama. Mama wa yule mtamba alikuwepo kweli, na maziwa alikuwa anatoa kweli. Mimi mwenyewe nilikwenda kumwona baadaye. Alifugwa bandani, hatoki nje, anakatiwa mabingobingo asubuhi na jioni, anaogeshwa kila wiki. Mtamba naye alikulia banda hilo hilo, hajui kupe. Shangazi akamfikisha kwake, akamfunga kwenye majani ya kando ya mto pamoja na ng'ombe wa jirani. Wiki chache tu, tezi za chini ya sikio zikavimba, homa ikapanda, akaanza kupumua kwa shida huku povu likitoka puani. Ndigana kali. Hakumaliza wiki. Mkopo shangazi aliulipa mwaka mzima uliofuata, kwa ndizi na maharage, na ukimtajia ng'ombe wa kisasa hadi leo anabadilisha mazungumzo.

Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana nakasirika. Uongo ungeshtakiwa. Aliuza ukoo, shangazi akanunua ukoo, na ng'ombe halisi aliyesimama katikati yao, mwenye ngozi isiyojua kupe na tumbo lililozoea mabingobingo, hakuulizwa na mtu. Swali la chanjo ya ndigana, ambayo ipo hapa nchini, halikutamkwa. Swali la josho halikutamkwa. Maswali mawili ya dakika moja.

Na tunapoabudu asilimia tunatupa kingine bila kukipima. Madume ya Ankole yanahasiwa kijiji kizima ili majike yasubiri mbegu ya chupa. Ankole hatoi maziwa mengi, nakubali, lita mbili unashukuru. Lakini ametembea kwenye majani haya haya kwa mamia ya miaka, akala yaliyopo, akabaki hai. Kati yao wapo wanaozidi wenzao kwa maziwa na kwa afya, na hatuwajui ni nani, kwa sababu hakuna aliyeandika. Tunaifuta damu ambayo hatujawahi kuisoma, kwa ajili ya damu iliyosomwa na wengine kwenye majani mengine.

Kuna rafiki aliniambia ninalifanya jambo la ng'ombe kuwa kubwa kupita kiasi. Labda. Lakini mimi ni mtu wa Ngara, na sisi tumeona lugha hii ikitoka zizini ikaingia nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaja kulala Benako. Nyuma yao kulikuwa na nchi ambako urefu wa pua na jina la baba vilikuwa vimetosha kuamua nani afe. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga huku Kagera, Geita na Kigoma, kuwaondoa wahamiaji haramu. Sheria ya uhamiaji ni haki ya nchi yoyote, sibishani na hilo. Ila kati ya waliofukuzwa walikuwemo watu walioishi hapa miongo kadhaa, wenye watoto na wajukuu. Huku mpakani, ambako Kihangaza na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, lafudhi si ushahidi wa kitu, wala urefu wa mtu. Na swali lililokuwa likisikika ni lile lile la mnadani: mama yake nani?

Sisemi muuza mitamba ni sawa na mwenye panga. Nasema tumezoea kupindukia kusikia ukoo ukitajwa na kunyamaza, kana kwamba uchunguzi umeshakamilika. Kijana akiomba kazi, "ni wa kwa nani?" Binti akiposwa, "kwao kuna kichaa." Nchi hii ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini kwenye vikao vya harusi watemi bado wanazaliwa kila wikiendi.

Wafugaji wenye koo nzuri wataniambia ninawaharibia soko. Hapana. Mwenye koo nzuri kweli ndiye atakayenufaika kuliko wote, kwa sababu yeye anaweza kuonyesha. Nataka kitu kidogo: daftari la shule, lile la kurasa 64. Tarehe ya kuzaa. Lita za asubuhi na jioni, hata kama ni mara moja kwa wiki. Tarehe ya kupandwa na jina la dume. Mimba iliyotoka. Siku ya josho, chanjo, ugonjwa, dawa. Hereni za kielektroniki zilizoanza kuvalishwa mifugo miaka ya karibuni zinaweza kukuambia ng'ombe huyu ni yupi. Hazikuambii amefanya nini. Anayeuza mtamba auze na daftari la mama yake, na la dada zake kama wapo, maana dada watatu waliokamuliwa wanakuambia mengi kuliko babu mmoja aliyesifiwa. Asiye na daftari auze bei ya nyama, na asitaje asilimia.

Na wewe uliyesoma chuo, ambaye Desemba ukirudi nyumbani baba anakutuma mnadani kwa kuwa "una macho," usianze na ukoo. Zunguka nyuma, tazama miguu ya nyuma kama imenyooka na kiwele kama kimekaa vizuri. Shika tezi chini ya sikio. Pitisha mkono ndani ya sikio utafute kupe. Ukimkuta usifurahi, usipomkuta kabisa uliza kwa nini. Uliza amekula nini jana, na kama utaweza kumlisha hicho hicho mwezi wa nane. Uliza kama mama yake yuko hai, na kama unaweza kwenda kumwona leo, kwa bodaboda, nauli juu yako. Wengi watakuambia ni mbali.